Eda Iliyopita Vilimani

Bi Bakhita aliposhuka kwenye ndege pale uwanja wa Bait al Falaj, mwezi wa Shaabani, mwaka 1970, hakuanza kwa salamu. Aliitazama milima myeusi iliyouzunguka uwanja pande zote, akashusha pumzi, akasema, "Jamani, na huku nako vilima?"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya baba na sikuweza kucheka. Baba, mama, mimi na majirani zetu wote wa Wattaya tulijua jambo ambalo yeye hakulijua. Mumewe, ami yangu Majid, ambaye kwa ajili yake alikuwa amevuka nchi na bahari, alikuwa ameshakufa. Wala hakuwa amekufa jana.

Asiyekuwa wa kwetu atauliza, imekuwaje mke asiambiwe? Kwetu msiba haumfuati kwa barua mtu aliye peke yake ugenini. Akianguka nani atamdaka? Nani atamfunika kanga na kumnywesha maji? Huachwa mpaka arudi kwa watu wake, ale, alale, uchovu wa njia umtoke, ndipo aambiwe polepole, wanawake wawili wamemkalia ubavuni. Huo ndio uungwana, na baba yangu, Ghanim, alikuwa muungwana kupita kiasi. Mimi, Aliya, wakati ule nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na uungwana wa namna ile ulinichosha tangu siku hizo. Sasa ni mtu mzima na bado unanichosha.

Mkaza ami huyu hakuwa mtu wa safari. Alizaliwa Kiponda, Unguja mjini, ambako ardhi ni sawa kama sinia na kutoka kwako hadi kwa shoga yako ni kuvuka kichochoro tu. Kwenda shamba wakati wa karafuu alikuita kuhamishwa. Mumewe alikuwa fundi wa saa, mtu mpole, mkaaji wa kiti, na nadhani ndiyo maana walipendana, kwa kuwa wote wawili walipenda kukaa. Mungu hakuwajaalia mtoto. Januari ya 1964 Bi Bakhita alikuwa Mombasa akimuuguza dada yake aliyejifungua, na mapinduzi ya Unguja yakamkuta huko. Sisi na ami Majid tukapakiwa melini, tukaletwa Maskati na nguo zetu za mwilini.

Oman ya wakati ule ilikuwa imefungwa. Mji ulikuwa na lango lililofungwa kila usiku, na nchi nzima nayo ilikuwa na lango lake. Mtu wa Unguja aliyekosa kuingia na wenzake aliambiwa asubiri. Ami Majid akawa anakwenda kumwombea mkewe ruhusa, anaambiwa bukra, kesho. Anarudi kwenye meza yake ya saa kule Matrah, na wiki inayofuata anakwenda tena. Bukra ile ilimla miaka.

Huko Mombasa, Bi Bakhita alikuwa akimshonea nguo bibi mmoja wa Kitaliano, mjane wa injinia wa barabara, ambaye macho yalikuwa yakimzimika kidogo kidogo. Bibi huyo alitaka kurudi kwao kabla hajawa kipofu kabisa, akamwomba Bi Bakhita afuatane naye. Nyumba ya dada ilikuwa imejaa watu, na mtu mmoja, Mungu anamjua, alimwambia kwamba ukiwa Ulaya ruhusa ya Oman hupatikana upesi. Akakubali. Ndivyo mtu asiyependa kwenda hata Bububu, pale nje tu ya mji, alivyojikuta Italia, katika jimbo la Umbria, kwenye mji mdogo wa mawe uliokaa kileleni mwa kilima.

Tulipomfikisha nyumbani, vyumba vyetu viwili vya udongo na kibanda cha makuti ya mtende kando ya kisima, alivua viatu, akakaa mkekani, akauliza swali ambalo sote tulikuwa tukilingoja.

"Majid yuko wapi?"

Baba alikuwa amejitayarisha. "Yuko bara, shemegi. Kenda Izki, huko nyuma ya milima, kuna shughuli za mashamba. Atakuja, inshallah."

"Hajui kama nnakuja leo?"

"Khabari zimeshapelekwa. Wewe pumzika kwanza."

Hakushuku. Tangu mwanzo barua zote za ami Majid aliziandika baba, kwa sababu macho ya ami yalikuwa yameharibika kwa saa za watu, na kalamu aliichukia. Kwa hiyo hata alipokufa, mwandiko haukubadilika. Salamu ziliendelea kwenda Italia, na Bi Bakhita akaendelea kuzipokea kama za mtu aliye hai.

Basi ikawa kumngoja apumzike. Lakini Bi Bakhita hakupumzika, alizungumza. Kila alasiri wanawake wa Wattaya, na wengine kutoka Matrah, walikuja kwa kahawa na halua, wakisema, "Bi Bakhita, tupe khabari za Italia." Naye akiegemea mto, miguu kainyoosha, anawapa. Alianza kila mara kwa neno lile lile: "Shoga zangu, nilichoka."

Sinyora, ndivyo alivyomwita yule bibi, alibakiwa na haja moja tu duniani. Alitaka kuvizungukia vilima vyote alivyovijua utotoni, kimoja kimoja, aviage kabla macho hayajafunga. Kila Alhamisi na kila Jumapili, mvua isiponyesha, waliteremka ngazi za mji mpaka penye basi la posta. Basi likiwabwaga kwenye njia panda yoyote, na kutoka hapo ni miguu.

"Hawajengi bondeni wale," alituambia. "Mahala pazuri, pana maji na kivuli, wamewaachia ng'ombe. Wenyewe wamekwenda kuishi juu. Ukipanda kilima kimoja ukafika, unashika kiuno, unatazama mbele, unaona kingine kina mji juu yake. Na Sinyora anautaka na ule."

Tatizo jingine lilikuwa Kiswahili cha Sinyora, kile cha kuamrishia jikoni, nacho ndicho walichozungumza mlimani. Bi Bakhita alijua kukiigiza, na wanawake walikuwa wakimwomba akiigize.

"'Bakita, wewe sema mimi. Mlima ile leo rangi gani?' N'kamwambia, 'Buluu, Sinyora.' 'Buluu namna gani?' Ala! Buluu ina namna ngapi? Mimi mtu wa Kiponda, nnajua buluu ya dirisha na buluu ya kufulia."

Lakini alijifunza. Jicho lililozoea tundu la sindano lilifunguka kidogo kidogo. Baada ya mwaka aliweza kueleza kwamba upepo ukipita, mizeituni hugeuka myeupe. Alieleza kwamba mwezi wa Mei ngano yao huchanganyika na maua mekundu ambayo hakuna aliyeyapanda, na kwamba ile minara mirefu isiyo na madirisha haikuwa ya kanisa wala ya ngome, ni ya kukaushia tumbaku. Siku moja Sinyora alimpeleka kwenye kikanisa kilichochorwa ukutani picha ya motoni, akamtaka amweleze mashetani. Bi Bakhita akakataa katakata. Hakutoka kwao kuja kutazama mashetani ya watu. Akasema hao ni mbuzi. Sinyora akacheka mpaka akashika ukuta, maana picha ile aliijua tangu mtoto, akasema, "Basi sema mimi mbuzi." Akaelezwa mbuzi, mmoja mmoja, na pembe zao na uma zao.

Adhuhuri ikiwakuta njiani, Bi Bakhita alimkalisha Sinyora juu ya ukuta wa shamba, akatandika kanga chini ya mti akasali, na Sinyora akamshikia viatu. Chakula alijibebea mwenyewe, mayai ya kuchemsha, mkate na tini, kwa kuwa kila nyumba waliyokaribishwa paja la nguruwe lilikuwa limening'inia juu ya meza. "Na kukataa chakula cha watu kila wiki nako kunachosha," alisema. "Unacheka, unashika tumbo, unasema unaumwa. Wale wakulima walininywesha kila dawa ya tumbo waliyokuwa nayo. Magoti ndiyo yaliyokuwa yakiniuma kweli, mpaka nikawa nnashuka kinyumenyume, na dawa ya magoti hakuna aliyenipa."

Mwisho macho ya Sinyora yalifunga kabisa, na safari za miguu zikaisha. Hata hivyo hakuachiwa kupumzika. Sinyora alikaa kitini karibu na moto, Alhamisi na Jumapili, akataka kutembezwa kwa maneno, na Bi Bakhita akamtembeza, akisahau njia hii akiunganisha na ile. Juni ya mwaka ule ule wa 1970 Sinyora akafa. Mwezi uliofuata redio ikasema kuwa Oman imefunguka na watu wake waliotawanyika warudi. Bi Bakhita hakungoja kuitwa mara mbili.

Hayo yote aliyasimulia, na mama yangu, Muhsina, alimimina kahawa huku ameinamisha kichwa. Kila usiku alimwuliza baba, "Leo?" na baba akajibu, "Bado. Hajapumzika." Mimi nilikuwa nimekatazwa kutia neno.

Alasiri moja jirani yetu Bi Kheiria, mwenye mdomo wake, akauliza, "Katika matembezi yote hayo, hakuna hata moja lililokupendeza?"

Bi Bakhita akafikiri, uso ukamchangamka. "Lipo. Mwaka juzi, Oktoba, wakati wa kuvuna zabibu. Tulikwenda kwa binamu yake Sinyora. Kijiji kizima kiko shambani, na mimi nikatiwa kikapu mkononi, nivune. Wamepakia gari la ng'ombe mpaka juu. Gari kufika kwenye mteremko, gurudumu moja likapanda jiwe, lo! Zabibu zote chini, zinabingirika, watu wanazikimbilia, padri naye kalishika joho lake anakimbia. Sinyora anapiga kelele, 'Bakita, sema mimi! Kelele ya nini?' Na mimi siwezi kusema, nnacheka. Nimecheka mpaka nimekaa juu ya zabibu, nguo imekwisha. Wallahi sijapata kucheka vile tangu kutoka Unguja. Mke wa mwenye shamba akanipa gauni lake la maua mekundu. Nilikuwa na manukato ya maua nimeyanunua kwa mapadri, huyatengeneza wenyewe, nikajitia. N'kajitazama kiooni, n'kasema, Majid angeniona leo! Gauni nimekuja nalo. Nimemwekea yeye."

Hakuna aliyecheka. Bi Kheiria aliweka kikombe chini, akaaga, akasahau viatu vyake mlangoni, akaenda kwake pekupeku. Alijua, kama tulivyojua sote, kwamba ami Majid alikufa kwa ugonjwa wa kifua mwezi wa Rajabu wa mwaka juzi, nao ulikuwa Oktoba ile ile. Alikufa kwenye mkeka uleule ambao mkewe alikuwa ameunyooshea miguu. Nikatoka nje nikakaa kisimani na hasira zangu, na hasira zote zilikuwa kwa baba.

Mama naye ilimfika shingoni. Alimfuata baba kibandani, nikawasikia.

"Leo, Ghanim. Apumzike asipumzike."

"Mwache angalau Ijumaa ipite."

"Mwanamke anamwekea maiti nguo. Leo."

Akamwita Bi Kheiria arudi, wakakaa huku na huku, mama akamshika mikono Bi Bakhita, akamwambia. Hakuanguka, hakupiga kelele. Baada ya maandalizi yote yale ya kumdaka, hakuna kilichodakwa. Aliuliza tu, "Lini?"

"Rajabu ya mwaka juzi."

Akaitoa mikono yake mikononi mwa mama, akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kwa sauti ya chini.

"Rajabu, zabibu. Shaabani tulikwenda msituni kuokota zile njugu zao kubwa za kuchoma. Ramadhani, kinu cha zeituni. Walinipa mkate wenye mafuta mabichi, n'kaufunga kwenye leso mpaka magharibi. Mfunguo mosi kulikuwa na theluji, lakini tulitoka, Sinyora alitaka kuikanyaga. Mfunguo pili..." Akakunja vidole. "Eda yangu yote nimeimaliza njiani. Nacheka, nimevaa maua."

Kwa asiyejua, mjane wa kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajitii manukato wala wanja, havai nguo ya pambo, haonekani na wanaume wasio maharimu zake. Watu husema ni mzigo wa mwanamke, na mimi katika ujana wangu nilisema hivyo hivyo kwa kujiona nimesoma. Siku ile nikaona upande wake wa pili. Miezi ile mtu anaachwa. Hapikii mtu, haulizwi mpango wake, hapokei mgeni wa kuchekeana. Anaachiwa maiti wake akae naye. Bi Bakhita alikuwa mtu mchovu aliyenyimwa hilo tu.

"Basi nnaanza leo," alisema.

Baba aliposikia alitaharuki. Alihofu kuzua jambo lisilo katika dini, akamleta Sheikh Sleyum wa msikiti wetu. Sheikh alikaa barazani, sisi tukawa nyuma ya pazia. Alikuwa mtu mwema, sauti yake ya upole, na alisema alichokijua.

"Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa mume, binti yangu, si tangu siku ya kupata khabari. Yako imeshapita. Huna cha kukaa."

"Na kutoka kwangu, sheikh? Na manukato? Na ile nguo nyekundu, na kicheko?"

"Hukujua. Asiyejua hana lawama. Huna dhambi hata moja."

"Kwa hivyo sina eda, na dhambi sina."

"Alhamdulillahi, huna."

"Sina kitu, basi," alisema Bi Bakhita.

Sheikh alisoma Fatiha, akaaga, akakataa kahawa. Baba akarudi akisugua mikono, mtu aliyetuliwa mzigo. "Umeona, shemegi? Mungu kakusahilishia."

Na kweli mambo yalionekana mepesi, mepesi mno. Nchi ilikuwa imechangamka, watu wanarudi kutoka kila pembe, kila mtu anatafuta nyumba, kazi na mke. Wiki ile ile mzee mmoja wa Matrah alituma mtu kuuliza habari za mjane aliyetoka Ulaya. Mjane aliyekwisha eda ni mwanamke huru, na mshono wake ulisifiwa. Baba akaona ni kheri imekuja na miguu yake. Alimweleza Bi Bakhita mbele yetu, kwa heshima zote, huku mimi natamani ardhi immeze.

Bi Bakhita alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemegi," alisema, "nimechoka. Safari ilikuwa ndefu. Si mlisema nipumzike? Sasa nnataka kupumzika."

Akainuka, akaingia chumba cha ndani, akashusha pazia. Hakutoka tena.

Siku za mwanzo tulidhani ni uchovu kweli. Kisha akaniita, akanipa gauni la maua mekundu na chupa ya manukato, "Chukua, mwanangu, mimi sina kazi navyo." Akamwomba mama nguo nyeupe. Mama akamtazama, naye akamtazama mama. Mama akaenda sandukuni akatoa nguo nyeupe mbili. Akakitoa kioo chumbani akakitundika kwangu. Chetezo cha udi akakihamisha mpaka barazani, upande wa mbali.

Mzee wa Matrah alipotuma tena, mama alimjibu mjumbe mlangoni, "Bi Bakhita kachoka na safari." Wageni wa kutaka hadithi za Italia nao waliambiwa vivyo hivyo.

Baba hakuwa mjinga. Alimkabili mama uani, na mimi nikachota maji polepole nisikose neno.

"Huku ni kuzua, Muhsina! Sheikh kasema eda hakuna."

"Nani hapa katamka eda? Mwanamke kapanda vilima miaka mitano, magoti yamemwisha. Kachoka."

"Atachoka mpaka lini?"

"Mpaka uchovu umtoke." Mama akapunguza sauti. "Wewe ulisema Majid yuko Izki. Nikakuachia, nikamimina kahawa. Na hili niachie mimi."

Baba hakumwachia. Alikuwa mtu wa kushikilia lililo sawa, na kila jioni, ili ijulikane wazi kwamba nyumba yake haina eda, alikohoa, akainua pazia, akaingia. "Hujambo, shemegi? Hujatoka tu?" Bi Bakhita alijitanda mpaka usoni, akageukia ukutani, akajibu kwa adabu. Baba akitoka, mama alilirudisha pazia mahali pake. Ndivyo ilivyokuwa jioni baada ya jioni, na nyumba ndogo kama yetu haina pa kuficha jambo kama hilo. Chakula chenyewe kilikuwa hakimezeki.

Wanawake walimwelewa Bi Bakhita upesi kuliko baba. Walianza kurudi, safari hii kimya kimya. Waliingia, wakakaa naye, wakasoma juzuu, wakaondoka. Kwa kuwa rasmi hapakuwa na msiba, hawakuweza kumpa mkono wa tanzia. Walisema, "Pole na uchovu, Bi Bakhita," naye akajibu, "Nimeshapoa." Bi Kheiria mwenyewe, ambaye hajapata kukaa robo saa bila kusema, alikuja akamkanda magoti kwa mafuta ya nazi, akaenda zake.

Ramadhani ikaingia, ikapita. Machozi ya Bi Bakhita hatukuyaona. Mama alisema hilo ndilo lililomtisha, kwani mtu asiyelia huoza ndani, na usiku alikuwa akitega sikio.

Asubuhi ya Idi baba alivaa kanzu mpya, akaenda kusali. Wanaume wakitoka kusali hupita makaburini, alikozikwa ami Majid, naye alipita. Aliporudi sisi tulikuwa tumeshaandaa sinia la halua, na tulijua atakavyofanya. Atakohoa, atainua pazia, ataingia kumpa shemegi yake mkono wa Idi kama anavyopewa mwanamke yeyote wa nyumba. Mama alikuwa ameshajitia mlangoni, uso umemkaza, tayari kwa ugomvi, Idi isiwe Idi.

Baba alikuja mpaka penye pazia, akasimama. Kanzu yake ilikuwa na vumbi magotini. Hakuliinua. Alivuta mkeka kwa mguu, akakaa chini, nje, mgongo ameuegemeza ukutani, ametazama upande wetu, kama akaavyo mwanamume anapozungumza na mwanamke aliye edani.

"Bakhita."

"Labeka, shemegi."

Mimi nilishika sinia mpaka mikono ikaniuma.

"Pole."

"Nimeshapoa," ikajibu sauti ya ndani, ile ile ya siku zote. "Safari ilikuwa ndefu, lakini nimeshapoa."

"Si ya safari," alisema baba. "Nnakupa pole ya Majid."

Kwa mara ya kwanza tangu aambiwe, tukamsikia Bi Bakhita akilia, kwa sauti, bila kujizuia, kilio cha mwanamke aliyefiwa asubuhi ile. Baba aliinamisha kichwa, akakaa pale pale nje ya pazia mpaka alipomaliza.